Abiria wa Bomba la Katikati

Foleni ya Mbauda hapa Arusha asubuhi mnaijua. Haisi imesimama, konda kashuka anabishana na bodaboda, mimi nimekaa dirishani naelekea uwanja wa ndege Kisongo, bahasha ya karatasi za abiria iko mapajani na macho hayana kazi, yakatua kwenye ukuta wa wakala mmoja wa tiketi ambao walikuwa wameuchora upya. Wamechora ndege. Kubwa, imejaa ukuta mzima, nyeupe kwenye anga la bluu, pua imeelekea Kisongo. Na ni nzuri kweli, rangi imekaa, vidirisha vimenyooka mstari, hata mwanga wa jua wa mgongoni ameuweka pale unapotakiwa kuwa.

Nikaanza kuhesabu. Sikukusudia, ila mtu anayeshinda akihesabu vichwa hawezi kuangalia ndege asihesabu kitu. Nyuma, upande wa mkia, kuna mabomba matatu ya mviringo, yaani ndege ina miili mitatu imelala sambamba na kila mmoja una vidirisha vyake. Nikafuata mabomba kwenda mbele taratibu.

Mbele yako mawili.

Nikarudi mkiani. Matatu. Nikaenda puani. Mawili. Na katikati hapo hakuna bomba lililokatika, hakuna lililoungana na mwenzake, hakuna kitu chochote kilichotokea.

Gari likaondoka.

## Kila mtu ana mahali pake

Wengi mnaosoma hapa mko kwenye utalii au mna ndugu yuko huko, kwahiyo sina haja ya kueleza sana manifesti, ile karatasi ya orodha ya abiria, ni kitu gani. Nitasema tu kinachonihusu mimi. Kwenye Caravan, hizi ndege za injini moja zinazopeleka wageni Seronera na Manyara, mtu hapandi tu akakaa anapopenda. Naandika jina, naandika uzito, naandika begi, na begi lisizidi kilo 15 na liwe laini ili libonyee kwenye sehemu ya mizigo, halafu rubani anachukua ile karatasi anaiangalia kidogo anasema yule baba aje mbele, huyu dada asogee nyuma. Kuna wageni wanakasirika, wanaona kama wanasemwa unene mbele za watu. Lakini ndege ina mahali pake inaposawazika, na kila mwili unaoingia unapasogeza hapo mahali, mbele au nyuma, na rubani lazima ajue pamefika wapi kabla hajagusa chochote.

Kwahiyo kwangu mimi hakuna abiria asiye na mahali. Mtu akishapanda, yuko kwenye kiti fulani, safu fulani, na naweza kukuonyesha kwa kidole.

Ndo maana ile picha haikuniacha. Wiki zikaanza kupita na bado niko nayo. Mwenzangu wa ofisini nilimweleza akaniangalia akasema jamani ni picha tu, na nikamwelewa, ana haki, picha haina mtu ndani. Ila mimi nilikuwa nimeshamweka mtu ndani.

Amekaa bomba la katikati, kiti cha dirishani. Anasimama kwenda mbele, labda choo kiko mbele. Anatembea kwenye korido anashika migongo ya viti. Hagongi ukuta, kwa sababu hakuna ukuta uliochorwa. Hatumbukii kwenye shimo, shimo halipo. Sakafu ipo, sakafu ipo, sakafu ipo, halafu pale alipo pameshakuwa nje.

Ni saa ngapi alitoka nje?

Hilo swali nililala nalo usiku mwingi tu. Nikawa najaribu kumsimamisha pale hasa, hatua ya mwisho ya ndani na hatua ya kwanza ya nje, na kila nikimsimamisha naona bado yuko ndani, nikimsogeza kidogo naona ameshatoka zamani.

## "Dada, umeliona"

Namba ya simu ya mchoraji iko chini ya ukuta pembeni, kama kawaida yao. Nikapiga. Nikasema kaka habari, nauliza kuhusu ile ndege ya Mbauda. Akasema ile naweza kukufanyia kwa bei nzuri, una ukuta wa ukubwa gani. Nikasema hapana, nauliza bomba la katikati.

Akanyamaza kwanza. Halafu akasema, "Dada, umeliona."

Anafanyia kazi zake Unga Limited, uwanja mdogo nyuma ya nyumba, makopo ya rangi yamepangwa chini ya bati, na harufu ya thina inakupokea kabla hujafika. Kijana mpole. Alifanya kusudi kabisa, hilo alinithibitishia mwanzoni tu mwa maongezi. Mwenye duka aliagiza ndege, hakusema ndege gani, na yeye alikuwa amechoka kuchora ndege ambazo watu wanapita nazo hivi hivi. Alitaka mtu asimame. Wengi hawakusimama. Mwenye duka mwenyewe kwa alivyosema hajawahi kuuliza chochote, amelipa na ameridhika.

Umbo lenyewe hakulitunga yeye. Ni ule mchoro wa uma usiowezekana, kwenye ncha unahesabu meno matatu na ukiufuata mpaka mpini unakuta mawili, mwalimu wake wa hesabu sekondari aliuchora ubaoni siku moja kuwachangamsha, na ukabaki kichwani mwake miaka yote. Alichofanya yeye ni kuufanya uruke: meno akayageuza miili ya ndege, mpini akaufanya pua, akaongeza mabawa na vidirisha.

Nikamuuliza kazi ngumu ilikuwa wapi. Nilitegemea aseme vipimo. Akasema rangi.

Na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoanza kuelewa.

Kwa penseli, akasema, ule uma hauna shida. Unachora mistari, mistari inakubali. Chukua mstari mmoja tu, ule wa ukingo wa juu wa bomba la katikati. Kule mkiani huo mstari unatenganisha bomba na hewa, upande mmoja chuma, upande wa pili anga. Ufuate huo huo bila kunyanyua kidole mpaka puani, na kule mbele unatenganisha chuma na chuma, yaani bapa la juu la mwili na bapa la ubavuni. Mstari ni ule ule, haujakatika, haujapinda. Kwenye karatasi hakuna anayekuuliza, kwa sababu karatasi ni nyeupe kila mahali na weupe unaweza kuwa anga ukiamua na unaweza kuwa chuma ukiamua. Sasa chukua brashi. Brashi inauliza. Kila eneo lazima ulipe rangi, hapa bluu ya anga, hapa nyeupe ya ndege, na kile kipande kati ya bomba na bomba kinaanza kuwa bluu mkiani na kinatakiwa kiwe cheupe kikifika mbele, na hakuna mpaka wowote katikati wa kubadilishia.

Alipaka. Akakwangua. Akapaka tena, akajaribu kufifisha bluu taratibu iingie kwenye nyeupe, ikawa inaonekana kama uchafu. Mwisho akaja na ufumbuzi ambao mimi nilikuwa nimeutazama kutoka kwenye haisi asubuhi zote zile na sikujua kama ni ufumbuzi.

Wingu.

Ameweka wingu jembamba katikati ya ndege, kama lile linalokaa kiunoni mwa Meru asubuhi. Mkiani anga ni bluu safi. Katikati wingu jeupe linapita kati ya mabomba. Mbele chuma cheupe. Nyeupe ya wingu na nyeupe ya chuma ametumia kopo moja, hakuchanganya chochote, kwahiyo hakuna mahali unapoweza kusema hapa wingu limeisha, ndege imeanza. Jicho linaingia kwenye wingu likiwa na mabomba matatu linatoka na mawili na limeridhika kabisa.

Nilirudi Mbauda nikashuka kwenye gari makusudi kwenda kuligusa. Kwa karibu unaona brashi ilivyopita. Mpigo mmoja mrefu, umeanza kama wingu umeisha kama chuma.

## Watu wa ndege walikuwa nalo zamani

Nilipoanza kusoma nikakuta kitu ambacho kilinisisimua. Ule uma, kabla haujawa wa walimu wa hesabu na wa kwenye vitabu vya mafumbo, ulikuwa unazunguka kwa watu wa ndege. Mwaka 1964 mtafiti mmoja Mmarekani, D. H. Schuster, aliuandikia kwenye jarida la saikolojia kama umbo jipya la kutatanisha macho, na akaeleza kwamba alikutana nao kwenye tangazo ndani ya jarida la mambo ya anga. Yaani jamaa yangu wa Unga Limited alipougeuza ndege, aliurudisha karibu na ulikotokea, na hakuwa anajua.

Ndugu zake ni wakubwa zaidi. Msweden Oscar Reutersvärd alichora pembetatu isiyowezekana mwaka 1934 akiwa bado mwanafunzi, alikuwa anachorachora pembeni wakati wa kipindi cha Kilatini, na mwaka 1982 Sweden ikatoa stempu za posta zenye maumbo yake. Halafu mwaka 1958 Waingereza wawili, baba na mwana, Lionel Penrose ambaye alikuwa daktari na Roger ambaye ni mwanahesabu, wakaandika kuhusu pembetatu ya namna hiyo na ngazi inayopanda mzunguko mzima ikarudi ilipoanzia. Huyo Roger ndiye aliyekuja kupata Nobel ya fizikia 2020 kwa kazi yake ya mashimo meusi.

Sasa tofauti. Pembetatu ya Penrose unaweza kuipaka rangi mwanzo mwisho bila ugomvi, kila bapa linajua rangi yake. Shida yake iko kwenye mbele na nyuma, upande ambao ulikuwa karibu yako unakuja kuwa mbali bila kuondoka. Na kwa sababu shida ni hiyo tu, unaweza hata kuijenga kwa kudanganya: Perth, Australia, kuna sanamu ya chuma ndefu zaidi ya mita 13, ilisimamishwa 1999, ukisimama mahali pake hasa unaona pembetatu kamili isiyowezekana, ukitembea hatua kadhaa inafunguka, unaona kumbe ni mihimili mitatu na miwili kati yao haigusani.

Ule uma ni mbaya kuliko hapo. Hauna tatizo la nani yuko mbele ya nani. Tatizo lake ni nani yupo na nani hayupo.

Niliposoma hilo nilifunga simu nikatoka nje kukaa. Maana ndo swali langu la kwenye karatasi.

## Mkono wa mzee

Kuna mzee mmoja tunamwita fundi, amestaafu, maisha yake yote ametengeneza ndege na bado anakuja uwanjani kunywa chai na vijana. Nilimpelekea picha kwenye simu. Shikamoo fundi, naomba uniangalizie ndege. Akavaa miwani.

Hakucheka, na nilimshukuru kimoyomoyo. Akauliza injini ziko wapi, nikamwonyesha. Halafu akafanya kitu ambacho nyie mnaweza kukifanya sasa hivi mkichora huo uma kwenye karatasi: akafunika mbele ya ndege kwa kiganja akaangalia nyuma peke yake. Akasema hii nasaini. Akahamisha kiganja akafunika nyuma akaangalia mbele. Akasema na hii nasaini. Kisha akaondoa mkono kabisa akakaa kimya anaangalia lile wingu.

"Hapa ndo sisaini," akasema.

Nikamwambia lakini hapo hakuna kosa. Akasema najua hakuna kosa, nionyeshe tu hapo ngozi ya ndege inamkabidhi nani mzigo.

Akanieleza, na namweka hapa kwa maneno yangu. Ndege kubwa ikipanda kilomita 11 juu, hewa ya nje inakuwa na msukumo ambao haufiki hata robo ya ule wa usawa wa bahari. Ndani wanaubana ili abiria wasikie kama wako mita 2,400 hivi au chini ya hapo, sisi wa huku tunaweza kusema wako kati ya geti la Marangu na Mandara. Kwahiyo kila safari bodi inavimba kutoka ndani na ngozi yake inavutika pande zote. Ndo maana bodi ni bomba la mviringo, mduara unagawa huo mvuto sawasawa, hakuna mahali panapoumia kuliko pengine. (Caravan yangu haibanwi hewa, ndo maana inaweza kuwa na umbo la boksi na isijali.) Ukitaka kugeuza mabomba matatu yawe mawili inawezekana, wahandisi wataweka ukuta, wataweka mihimili, watakuonyesha kwa mchoro nguvu ya bomba la tatu imeenda wapi. Ila haiwezi kwenda wingu.

Akanikumbusha Comet. Nilikuwa nalijua jina tu. Mwezi wa tano 1952 Comet ilianza kubeba abiria wa kulipa kutoka London kwenda Johannesburg, ndege ya kwanza ya jeti duniani kufanya kazi hiyo, na ilikuwa inatua Entebbe hapo jirani. Mwaka 1954 mbili zilivunjika angani na kuanguka baharini, moja Januari karibu na kisiwa cha Elba, nyingine Aprili karibu na Naples, hakupona mtu. Ili wajue kilichotokea, Waingereza walichukua Comet nzima wakaiingiza kwenye tangi la maji pale Farnborough wakawa wanaibana na kuiachia, kuibana na kuiachia, kama inapaa na kutua, mpaka ikapasuka. Ulikuwa uchovu wa metali, nyufa zinazoanzia kwenye kona za matundu yaliyokatwa kwenye bodi, pale ambapo mvuto unajikusanya. Baadaye ilitengenezwa upya, na Comet 4 ndiyo jeti ambayo East African Airways walianza nayo 1960.

Kwanini alinipa hiyo habari niliikamata baadaye kwenye gari. Ukiangalia kipande kimoja kimoja usingeliona hilo jambo. Ilibidi ndege nzima isafirishwe bila kuondoka, mara nyingi, mpaka yenyewe iseme.

## Ya ajabu na isiyowezekana

Kuna msomaji atasema sasa dada si kuna ndege za ajabu tu, kwani ya kwako ina nini. Ndiyo zipo, na nilizitafuta kwa hamu kwa sababu nilitaka sana kuikuta ndege yangu kati ya hizo.

Wajerumani 1938 walirusha BV 141, injini na mkia viko kwenye bodi moja, na watu wamewekwa kwenye chumba cha vioo pembeni kwenye bawa la kulia, upande wa kushoto hakuna kitu. Ukiiona unasema hii inapinduka. Iliruka vizuri. NASA kati ya 1979 na 1982 waliijaribu AD-1, bawa lake ni ubao mmoja unaozunguka kwenye mhimili mgongoni mpaka nyuzi 60, upande mmoja unaelekea mbele na mwingine nyuma. Iliruka. Na 2019 kule California ikaruka Stratolaunch, mabawa mita 117 kutoka ncha hadi ncha, miili miwili iliyotengana kabisa, na marubani wote wanakaa mwili wa kulia. Wa kushoto una pua na vioo sawasawa na mwenzake, ila hakuna mtu.

Hiyo ya mwisho niliiangalia muda mrefu. Bodi tupu lenye vioo. Ila hata lenyewe naweza kuandika manifesti yake: kushoto sifuri, kulia fulani na fulani. Sifuri ni hesabu. Ukiwa sifuri unajulikana uko sifuri.

Ya Mbauda haina hata sifuri. Ukianza kuhesabu nyuma utaandika watu wa mabomba matatu, ukianza mbele utaandika wa mabomba mawili, karatasi zote mbili ni za kweli, zote zimeandikwa na mtu makini, na zinamfikia rubani mmoja.

## Mlango uko wapi

Kwa muda nilidhani nimepata pa kutokea. Nikamwambia mchoraji, sikiliza, kwenye ndege kubwa watu wanapandia mbele kushoto. Wakiingia mbele wanakuta mabomba mawili, wanajaa humo, na hakuna njia ya kufika la katikati. Kwahiyo lile la katikati lina vidirisha tu, halijawahi kuwa na mtu. Yule mtu wangu hayupo. Nilisema kwa furaha kabisa, nikasikia mwili umepungua uzito.

Akafikiria. Akasema, "Dada, wewe Kisongo unawapandishia wapi?"

Nyuma.

Caravan mlango wa abiria uko nyuma kulia. ATR, zile kubwa kidogo za propela mbili, mlango wa abiria uko nyuma kushoto. Hapa kwetu watu wengi ninaowapandisha wanaingilia mkiani, wanapanda ngazi ndogo, wanainama, na wanaelekea mbele. Kwahiyo kwa ndege ya huku wataona mabomba matatu, na mimi nimesimama chini na karatasi nawaambia karibuni, la katikati lina nafasi.

Nilikaa kwenye ndoo ya rangi pale Unga Limited bila kusema kitu. Kilichokuwa kinaniuma ni kwamba kati ya watu wote wanaohusika na hiyo ndege hakuna hata mmoja aliyefanya vibaya. Aliyechora mkia yuko sawa. Aliyechora pua yuko sawa. Anayepandisha nyuma amehesabu sawa, na anayepokea mbele amehesabu sawa. Yule abiria hajapotezwa na mtu. Na bado hayupo, na njia pekee ya kulijua hilo ni kutembea naye kiti kwa kiti kutoka mlangoni mpaka puani, maana kila mmoja wetu anayekagua anafunika nusu kwa kiganja.

Tangu hapo nimebadilisha kitu kimoja kazini. Zamani nilikuwa nahesabu watu wakipanda. Sasa nikishamaliza napanda na mimi, natembea mpaka nyuma ya kiti cha rubani nahesabu tena njiani, kisha nashuka. Marubani wameshazoea.

## Ubao

Nilimwagiza anichoree ndogo kwenye plaiwudi, ya kuweka ofisini. Sharti langu moja: bila wingu. Nilitaka nione atafanyaje.

Alinitumia picha ya penseli kwanza, mistari mitupu, na ilikuwa tamu kuliko hata ile ya ukutani, inapita tu. Halafu akakaa kimya kwa muda. Nikimpigia anasema dada bila wingu inabidi nichague, niache kwanza.

Aliponiita alikuwa amechagua. Bomba la katikati kalifunga kwa ukuta. Linatoka mkiani, linakuja na vidirisha vyake, na kabla ya kufika katikati linaishia kwenye kichwa cha mviringo, kilichopigwa riveti moja moja kwa brashi ndogo. Mbele ya hapo ni anga la bluu, upande na upande mabomba mawili yanaendelea mpaka puani. Nyuma matatu, mbele mawili, na kila kitu kina sababu. Nikampelekea fundi picha akajibu kwa neno moja, nasaini.

Abiria wangu akisimama kwenda mbele atafika ukutani, ataugusa, atarudi kukaa. Yuko salama, ana mahali, naweza kumwonyesha kwa kidole.

Niliuegemeza ule ubao pale ofisini nikauangalia. Mwenzangu aliyesema ni picha tu akapita akasema nzuri, akaendelea na kazi yake. Na mimi nikajikuta sina la kuuliza. Ilikuwa ndege ya ajabu kidogo, basi. Macho yalienda mkiani yakaenda puani yakatulia, na sikutaka yatulie, kwa sababu ile ya Mbauda ndiyo iliyonifanya nipande ndani ya Caravan na kutembea mpaka mbele, na hii isingenifanya ninyanyuke kwenye kiti.

Nikaurudisha Unga Limited nikamwambia arudishe wingu. Akauangalia ule ukuta wake wenye riveti, kazi ya mikono ile, nikaona ameumia kidogo. Akaniuliza, "Na yule mtu wako?"

Nikamwambia yule ni wangu, nitahangaika naye mwenyewe.

Tumekubaliana bei ya rangi ya ziada. Nimemwomba na mlango pia, maana kwenye ile ya ukutani hakuweka: auchore nyuma kushoto, uwe wazi, ngazi imeshushwa. Akimaliza nitaweka picha hapa, na nyie mtaniambia mnahesabu ngapi mkianzia upande gani.